Kijapani cha Jikoni

Baba yangu alikuwa mpishi. Baba yake yeye aliwahi kuwa na mashamba ya mikarafuu na nyumba mbili mtaani Kiponda, lakini mimi nilipozaliwa mashamba yalikuwa yamebaki kuwa mazungumzo, na katika zile nyumba mbili tulikuwa tumebakiwa na vyumba vitatu vya ghorofa ya juu. Baba hakuwa mtu wa kulilia vya zamani. Alijifunza kupika kwa mama yake, akapika mahoteli, akawapikia wageni wa miradi, na mwishoni mwa miaka ya themanini akawa anapanda baskeli kila asubuhi mpaka Kiembe Samaki, kwa Mjapani mmoja aliyekuja kwa mambo ya uvuvi.

Mjapani yule aliishi peke yake. Baba alisema ni mtu wa maneno machache na tumbo dogo. Alimfundisha baba kupika wali usiotiwa chumvi wala nazi, jambo ambalo mama alilipokea kama habari ya msiba, na kumkata samaki akaliwa bila ya kupita motoni, kazi ambayo baba aliifanya vizuri kwa miaka yote na asionje hata kipande. Wenyewe walizungumza kwa Kiingereza kilichochechemea pande zote mbili, kikisaidiwa na maneno ya Kijapani ya jikoni.

Mradi ukaisha. Siku ya mwisho Mjapani alimwita baba ukumbini akamuonesha televisheni yake ndogo, deki ya vidio, na sanduku zito la chuma la kupunguzia umeme, maana vyombo vile vilitengenezwa kwa umeme wa kwao na umeme wetu ungeviunguza. Akampa vyote. Juu ya deki akaweka kanda moja. Baba alivileta mjini kwa gari ya ng'ombe, na pale kichochoro kilipokuwa chembamba vikabebwa mikononi, majirani wakiwa wamesimama milangoni kama wanaoangalia bibi harusi anaingizwa.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Mdogo wangu, naye wa kike, alikuwa na saba.

Kanda ile ilikuwa katuni. Mwenyewe aliirekodi kwao kutoka kwenye televisheni, kwa hiyo katikati yake yalikuwamo matangazo: supu ya tambi, sabuni, gari inayopita kwenye theluji. Tulikuwa hatuna kanda nyengine yoyote, na matangazo yale tuliyajua kwa moyo kama tulivyozijua sura fupi za juzuu ya amma.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mji uko chini ya mlima, na juu ya mlima kuna msitu. Ndani ya msitu wanaishi wanyama wakubwa kama nyumba, wenye miguu mifupi na migongo iliyoota majani laini, wanaotembea polepole mno hata ndege wanajenga viota juu yao. Wakilala, pale walipolala huchimbuka maji. Watu wa mji wanayanywa maji hayo bila ya kujua yanakotoka, na wanawawinda wanyama wale kwa sababu mifupa yao ikitiwa motoni haitoi moshi. Msichana mmoja, binti wa mkubwa wa wawindaji, anamkuta ndama porini, anamficha. Ndama anakua. Ghala alimofichwa linajaa maji. Baba mtu anakuja kujua. Mwisho anabaki mnyama mmoja tu katika nchi nzima, naye anashuka mlimani, anaingia mjini kwa miguu yake mwenyewe na kulala katikati ya uwanja wa soko, mbele ya watu wenye mikuki. Msichana anamkumbatia shingo na kumwambia neno moja sikioni. Kisha yanaanza maandishi ya mwisho.

Maneno yote yalikuwa ya Kijapani. Baba ndiye aliyetufasiria. Ijumaa, baada ya sala na chakula, tulifunga madirisha ya mbao ili chumba kiwe na giza, watoto wa kichochoroni wakaingia na kukaa mkekani, na baba akakaa kwenye kiti pembeni mwa televisheni, akisema polepole kwa sauti yake ya kawaida. Hakuna aliyetia shaka. Yeye ndiye aliyekaa na Mjapani miaka mitatu, nani mwengine angejua?

"Sasa msichana anamwambia baba yake, usimuue, huyu ndiye aliyebeba maji yetu."

"Na baba yake anasemaje?" mdogo wangu akauliza.

"Anasema, mwanangu, mimi nna watu wa kuwalisha."

Pale mwisho, msichana anapomnong'oneza mnyama, baba alisema: "Anamwambia, lala, sasa wameshajua. Na mnyama anasema, basi waambie wanywe, nimewasamehe."

Kila Ijumaa tulilisikia hilo, na kila Ijumaa chumba kilinyamaza. Walikuwamo watoto wakorofi wa mtaa mzima mle ndani, wenye kurusha mawe na kuiba maembe mabichi, na pale mnyama anapopiga magoti ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, kila mmoja aliangalia mbele asije akaonekana uso. Nimekwenda sinema baadaye, nimeona filamu za Kihindi mpaka nikachoka, na sikuwahi kuona kitu kikashika watu namna ile. Sijui ni kwa nini. Labda kwa sababu mnyama yule hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira tungejua la kufanya naye.

Mdogo wangu alishikwa zaidi kuliko sote. Skuli ilipofungwa tulipelekwa Uroa kwa bibi, mama yake mama. Nyuma ya nyumba ya bibi kilikuwapo kisima kilichochimbwa ndani ya jiwe, maji yake baridi na matamu, ingawa ukisimama pale unaisikia bahari. Nusu ya kijiji waliteka hapo. Bibi alikuwa na masharti yake: hukiendei na viatu, hufui nguo karibu, na hutupi hata kokwa ya tende ndani. Siku ya kwanza tulipofika baada ya kanda ile, nilimkuta mdogo wangu amelala kifudifudi ukingoni, sikio limeelekea chini.

"Unafanya nini hapo? Utatumbukia."

"Namsikiliza anavyopumua."

Nikenda kumshtaki kwa bibi, nikitaraji amfokee. Bibi alikuwa anapiga makumbi ya nazi, kanga imefungwa kiunoni. Akasema, "Mwache. Kisima kina mwenyewe," akaendelea kupiga.

Kanda ilikufa miaka michache baadaye. Unyevu wa bahari uliingia, ukaota ukungu mweupe kwenye utepe, na siku moja deki ikaumeza na kuutafuna. Baba alikaa mchana kutwa na mkasi na gundi. Haikupona. Sanduku la umeme nalo likaungua mwaka uliofuata, na vyombo vyote vikafunikwa kitambaa, vikawekwa juu ya kabati. Lakini katuni ile iliendelea mitaani. Nilikutana na vijana waliokwisha kuota ndevu, wengine wamerudi likizo kutoka Maskati, na neno la kwanza baada ya salamu lilikuwa: yule mnyama wenu yupo? Wengine walikuwa wamewahadithia wadogo zao mpaka nao wakaamini kuwa waliiona.

Mimi nikawa fundi wa cherehani. Mdogo wangu alisoma. Alikwenda bara kumalizia masomo, akarudi, akaajiriwa katika ofisi moja iliyoshughulika na maji, ambayo sitaitaja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na kijisanduku chenye vipimo, kutia waya kwenye maji ya visima na kuandika yana chumvi kiasi gani. Watu walimcheka kidogo, msichana wa mjini mwenye buibui anakwenda kuchungulia visima vya watu. Hakujali. Sijapata kumuona mtu anayeipenda kazi yake vile. Akija nyumbani jioni na viatu vyeupe kwa vumbi la mawe, baba humuuliza, "Vipi, wanapumua?" na yeye hujibu, "Wanapumua, baba."

Wakati huo mahoteli yalikuwa yanaota pwani ya mashariki. Uroa nako likajengwa moja, kubwa, si mbali na nyumba ya bibi, lina bwawa la kuogelea na bustani ya majani yaliyoletwa kutoka nje, yakinyweshwa asubuhi na jioni. Walichimba visima vyao vya mashine, vya kwenda chini kabisa. Mimi nilipata kazi ya kuwashonea mapazia. Vyumba vyote, na mito, na vitambaa vya meza. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuzipata, na niliifanya kwa furaha, nikaajiri na mtu wa kunisaidia kupiga pasi. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kulinung'unikia hoteli lile, basi sikumwambia. Nilijisemea kwamba pazia halinywi maji.

Miaka miwili haikupita, maji ya bibi yakabadilika. Mwanzoni ni bibi peke yake aliyesema, nasi tukadhani ni ulimi wa uzee. Kisha maharage yakawa hayaivi. Kisha chai ikawa hainyweki. Mdogo wangu alikuja na kijisanduku chake, akatia waya kisimani, akaangalia, akautoa, akaufuta kwa kanga, akautia tena. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kinasemaje hicho chombo chako?"

"Bahari imeingia, bibi."

"Itatoka?"

Mdogo wangu alikunja waya wake taratibu, mzunguko juu ya mzunguko.

Alipima visima vyote vya kijiji na vya jirani, mwezi baada ya mwezi. Akaandika ripoti. Alieleza kwamba chini ya mawe yale maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari, safu nyembamba tu, na ukiyavuta kwa nguvu pahala pamoja bahari hupanda. Akataka mashine zipunguzwe kabla visima vyengine havijaharibika. Mkubwa wake ofisini alimwambia asiipeleke kwanza, aje nyumbani wazungumze kwa utulivu. Hakutaka kwenda peke yake nyumbani kwa mwanamme, akaniomba nimfuate.

Tulikwenda Jumapili baada ya adhuhuri. Ilikuwa nyumba nzuri nje ya mji. Mkewe alitupokea, akatuletea sharubati ya ukwaju. Na pale ukumbini, juu ya zulia, watoto wao watatu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni kubwa, na ndani ya televisheni alikuwa anapita yule mnyama wetu, na ndege mgongoni.

Nilimshika mdogo wangu mkono. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka kumi. Rangi zilikuwa za kung'aa, hazina mistari, na chini ya picha yalikuwa yanapita maandishi ya Kiingereza.

Mkubwa alituona tunavyoangalia. "Mnaijua hii?"

"Tunaijua," mdogo wangu akasema.

"Mimi nililetewa na rafiki yangu alikuwa Ulaya. Nshaiona sijui mara ngapi. Mtu mzima mimi, huyu mnyama wa mwisho ananiliza. Muulize mke wangu."

Mkewe akacheka. "Kweli, hulia huyu."

Hatukuanza kuzungumza. Tulikaa sote, watu wazima wanne na watoto watatu, tukaiangalia mpaka mwisho. Na mnyama alipopiga magoti pale sokoni niligeuka nikamtazama mkubwa yule, na nilimuona machozi. Hakuwa anajifanya. Alitoa leso akapangusa, akatabasamu kwa haya.

Kisha akaichukua ripoti mezani, akaipigapiga kwa vidole.

"Umeandika vizuri sana, mwanangu. Sijapata kuletewa kitu safi namna hii. Lakini wakati wake bado."

"Wakati wake lini?"

"Hoteli lile lina wenyewe. Na vijana wa Uroa wanakula pale. Ukinletea hii kesho n'taipokea, siwezi kukataa. Itaingia kabatini. Na wewe utahamishiwa pahala usipopapenda, na si mimi nitakayekuhamisha. Nakwambia kama mzee wako."

"Visima vitakufa."

"Najua," akasema. "Nimeisoma."

Tulipoaga alikwenda kwenye televisheni, akatoa ile sahani ya filamu, akaitia kwenye kifuko chake na kumpa mdogo wangu mkononi. "Chukua. Kawaoneshe watoto wa kwenu. Mambo haya lazima watoto waanze kuyaona mapema."

Njiani mdogo wangu alikuwa amekishika kile kifuko kwa ncha za vidole.

Wiki ile tuliazima mashine kwa jirani, tukaiangalia nyumbani na baba na mama. Baba alikuwa ameshazeeka, macho hayaoni vizuri, lakini alikaa kwenye kiti kilekile, na alipoona picha zinaanza akaanza kusema, kama kwamba hatujawahi kuondoka mkekani. Mdogo wangu anasoma Kiingereza upesi. Yeye alikuwa anasoma chini na kumsikiliza baba juu, na mimi nilikuwa namtazama yeye.

Akawa ananinong'oneza anayoyasoma, na maneno hayakuwa yale. Pale baba aliposema "huyu ndiye aliyebeba maji yetu," maandishi yalisema: nimechoka, twende nyumbani. Pale baba mtu alipokuwa na watu wa kuwalisha, maandishi yalimfanya aseme kuwa mvua inakuja. Na mwisho kabisa, msichana anapomkumbatia mnyama shingo, anamwambia: samahani, nimechelewa. Mnyama hasemi kitu. Hakuna aliyesamehewa.

Mdogo wangu akairudisha nyuma akaisoma tena. Kisha akazima.

"Baba," nikasema, "kule mwisho, si alisema wanywe, nimewasamehe?"

Baba akageukia nilipo. "Kijapani changu kilikuwa cha jikoni," akasema. "Maji, chumvi, moto, kisu, ahsante. Hilo neno la maji lilikuwamo, nikalishika hilo."

"Na mengine?"

"Mlikuwa watoto. Ningewaambia nini? Mmeniangalia wote, chumba kizima."

Nilitaraji mdogo wangu akasirike, au acheke. Alisema tu kwamba samahani nimechelewa ndiyo sawa zaidi, akainuka akenda kumsaidia mama kukunja nguo.

Siku ya pili aliipeleka ripoti. Ikapokelewa, ikagongwa muhuri, na mambo yakawa kama alivyoambiwa. Hakuchoka bado. Alikwenda Uroa kuwaita wanawake wa kijiji wakutane chini ya banda la skuli, awaeleze mwenyewe. Nilikwenda naye. Walikuja wengi, wametoka kwenye mwani, nguo bado mbichi. Aliwaeleza vizuri, kwa maneno mepesi, akawaomba waandike barua kwa jina la kijiji.

Mwanamke mmoja wa makamo akasimama. Alikuwa jirani wa bibi, ametuona tukikua.

"Tumekufahamu, mwanangu. Lakini mwanangu mimi ni mlinzi pale, na mtoto wa huyu ni mpishi. Wametuahidi mfereji wa maji ya bomba. Tukiandika barua, mfereji hauji na watoto wanarudi nyumbani. Nyinyi mnakaa mjini, mna maji yenu."

"Mfereji huo utatoka chini ya mawe haya haya, mama."

"Na utoke. Angalau utoke." Kisha akanielekezea mkono mimi. "Na huyu dada yako, si ndiye aliyewashonea mapazia? Mbona yeye hukumwambia asishone?"

Wanawake wakageuka. Mdogo wangu naye akageuka.

"Mapazia?" akauliza.

"Zamani," nikasema. "Kabla ya maji."

Ilikuwa uongo, au nusu uongo. Mzigo wa pili wa mito nilikuwa nimeumaliza mwezi uliopita. Aliniangalia kwa muda, akaokota karatasi zake. Mkutano ukaishia hapo. Kwenye gari ya kurudi tulikaa viti mbalimbali, na tulipofika mjini alitangulia kupanda ngazi.

Hakuwahi kunigombeza. Ningependelea anigombeze.

Mfereji ulikuja, ukatoa maji siku mbili kwa wiki, kisha siku moja, kisha yale yale ya chumvi. Bibi alikataa kuhamia mjini. Alinywa maji ya madumu yaliyoletwa kwa baskeli kutoka vijiji vya ndani, akiyatumia kwa kikombe kama dawa, na chakula akipikia yale ya kisimani, akidai ameshazoea. Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa joto. Tulifika Uroa asubuhi. Maji ya kuoshea maiti hayakuwapo. Madumu yalikuwa matupu na mfereji mkavu. Wanaume walikuwa wanashauriana kutumia ya kisimani hivyo hivyo yalivyo, maana sheria haikatazi, ndipo likaja gari la maji kutoka hotelini. Meneja alisikia msiba, akalituma kwa hisani. Lilijaza mapipa yote ya nyumba. Watu walishukuru, na shukurani zao zilikuwa za kweli. Mzee mmoja alisema kwamba wageni wale wana utu.

Mdogo wangu na mama ndio waliomuosha bibi, na mimi nilikuwa namimina. Maji yalikuwa matamu, baridi, masafi kabisa. Nilimuona mdogo wangu anayaonja mkononi, haraka, kabla ya kuyapitisha kwenye paji la uso wa bibi. Kisha akaendelea kuosha, kulia kwanza, kisha kushoto, kama inavyotakiwa, na hakulia. Mama alilia, mimi nililia.

Ofisini walikuwa wamemuweka kwenye ghala la mabomba, ahesabu viungo na koki. Baada ya mazishi hakurudi. Alikaa nyumbani miezi, anapika, anafua, anamsomea baba gazeti. Mtu mmoja wa skuli alikuja kumuomba azungumze na wanafunzi kuhusu mazingira; alimkatalia kwa adabu, akamtilia chai. Nilimuuliza kwa nini. "Nitawaambia nini?" akasema, kwa sauti ile ile ya baba siku ile, hata nikaogopa.

Ile sahani ya filamu imebaki kwangu. Watoto wangu wameiona mpaka wameimaliza, na watoto wa jirani wanakuja, na wa ndugu zao. Hukaa mkekani, wanaanza kwa kelele, kisha wananyamaza pale pale tuliponyamaza sisi. Mimi siwafasirii. Wanasoma wenyewe. Mwanangu wa kike alilia siku nzima, na siku ya pili akachora wanyama wale kwenye kila daftari. Mama watu huniambia katuni nzuri kweli ile, inafunza. Nawaitikia. Nikiwaangalia watoto wale nyuso zao zinavyong'aa, hamu yote hunitoka, kwa sababu mkubwa yule naye aling'aa hivyo hivyo, na mimi pia, na cherehani yangu ilikuwa inangoja chumba cha pili na mito ya hoteli juu yake.

Mdogo wangu alipata kazi uwanja wa ndege, kwenye dirisha la kukagua karatasi za wageni wanaoingia na kutoka. Anavaa sare, anafanya kazi kwa zamu, haleti maneno ya kazini nyumbani. Mara ya mwisho kumuona kazini ni siku nilipompeleka baba, alipokwenda Maskati kuangaliwa macho. Tulikuwa kwenye foleni ya pembeni, na dirishani kwake alisimama mzungu mmoja mzee na mkewe waliokuwa ndio kwanza wanafika, wamechanganya njia. Alikuwa anawaelekeza kwa Kiingereza chake kizuri. Mzee yule akamuuliza hoteli waliloandikiwa likoje, akamtajia la Uroa. Mdogo wangu akamwambia ni pazuri, patulivu. Na maji yake je, akauliza mzee, nadhani alikusudia bahari.

"Mazuri," akamwambia, akawagongea muhuri, akawarejeshea karatasi zao.

Nilitaka kumuita, lakini foleni ilikuwa inasogea na baba alikuwa anapapasa mifuko akitafuta miwani. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nikamvalisha, nikamshika mkono, tukasogea mbele.